Kamera, Ungo na Bibi wa Kuazima: Mwongozo wa Kutengeneza Mchawi wa Filamu Ukiwa Songea

Umeamua kutengeneza filamu ya uchawi. Hongera. Kwa mji kama Songea hiyo ni biashara yenye akili kuliko kufuga kuku wa kisasa: kuku anadai chanjo, pumba na taa ya joto, lakini filamu ya uchawi inadai bibi mmoja tu, na bibi hakosekani. Kamera utaazima kwa mpiga picha wa harusi, siku za katikati ya wiki ambazo hakuna ndoa. Mvua ya kutisha usiigharamie. Ngoja Januari, itakuja na radi zake bure. Kinachobaki ni mchawi mwenyewe, na hapo ndipo vijana wengi wanapoharibu, kwa hiyo twende taratibu.

Jambo la kwanza halina mjadala: awe mwanamke. Ukimweka mwanamume mwenye dawa kwenye hadithi, hadithi inakugeuka. Kinjikitile Ngwale alikuwa na maji yake kule Ngarambe, Wajerumani wakamnyonga Agosti 1905, na mwaka 1969 Ebrahim Hussein akamwandikia tamthilia ambayo wanafunzi wameisoma kizazi baada ya kizazi. Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila alikuwa na kikombe chake kule Samunge, Loliondo. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita na kilomita porini, watu wakalipa shilingi 500 wanywe, vigogo wakiwemo, na taifa zima likamwita Babu. Sasa chukua sufuria ileile, mizizi ileile na kikombe kilekile, mkabidhi bibi mmoja wa Lizaboni anayeishi peke yake. Hutaona foleni. Utaona kikao cha mtaa. Kwa hiyo ukitaka nabii, tafuta mzee. Ukitaka mchawi, tafuta mke wa huyo mzee, ikiwezekana baada ya mzee kufariki na kumwachia ekari mbili za mahindi kando ya barabara ya lami.

Fungua daftari, kwa sababu jambo la pili ni hesabu. Kabla hujaandika mstari hata mmoja wa mazungumzo, amua huyu mama ana watoto wangapi. Hilo ndilo swali lenyewe la filamu za uchawi. Fisi, ungo, makaburi na kicheko cha usiku ni mapambo.

Asiye na mtoto ndiye rahisi kuliko wote. Mtazamaji akishaambiwa tu kwamba mama huyu hakujaliwa, anajua mwenyewe anakokwenda usiku. Atakuwa anatamani watoto wa wenzake, na kwenye filamu kutamani mtoto na kumla ni kitu kimoja. Mwenye mtoto mmoja wa kiume naye yuko tayari kwa kazi: huyo ni mama mkwe, nitamrudia kwa sababu anastahili nafasi yake. Mwenye watoto waliokufa wadogo, usihangaike kutaja malaria wala umbali wa zahanati, amewatoa kafara. Mwenye watoto wengi wazima wenye kazi nzuri Dar es Salaam, je? Ole wake. Wa kwake wamefanikiwaje wakati wa jirani wanaendesha bodaboda? Fedha ile ina chanzo, na chanzo kiko uvunguni. Wakiwa wawili, mmoja mhasibu na mmoja mlevi, amechukua nyota ya mlevi akampa mhasibu. Wakiwa wote walevi, basi nyota zao kauza.

Nimejaribu kutafuta idadi ya watoto ambayo ingemwachia mwanamke apite salama kwenye filamu ya aina hii. Haipo, nayo ndiyo nafuu yako: huwezi kukosea. Wakati huohuo utahitaji mwanamke wa pili, yule mwema, ili watu wajue mchawi ni nani. Kazi ya mwema ni kuwa na mimba. Mfungie mto wa kochi tumboni, mvike dera, mweke mkono mmoja kiunoni na mwingine juu ya mto, kisha aseme "Mume wangu, naogopa" kila baada ya dakika nane. Asiwe na shamba, asiwe na kibanda cha chipsi, asiwe na hisa wala kikoba. Mwanamke mwema mwenye kikoba anachanganya watu. Na mto uutazame vizuri kwenye uhariri. Nimeona filamu ambayo mimba ilihama kutoka kushoto kwenda kulia kati ya sebule na jikoni, na hilo ndilo lililokuwa tukio la kishirikina kuliko yote mle ndani.

Sasa mama mkwe. Huyu mpe muda. Katika maisha ya kawaida, mama wa aina hii alilima mahindi huko Peramiho au kahawa huko Mbinga, akauza gunia baada ya gunia kwa bei aliyopangiwa na mwenye lori, akasomesha. Kijana kapata kazi, kaoa, na siku moja mama anapiga simu kuulizia fedha ya mbolea. Ndipo muziki unapobadilika. Usimwonyeshe akilima. Ukimwonyesha akilima, hata kwa dakika moja tu, mtazamaji ataanza kupiga hesabu za mbolea na atakuwa upande wake. Anza pale anaposhuka kwenye basi kule stendi ya Shule ya Tanga akiwa na kapu. Kamera iende kwenye kapu. Muziki. Ndani ya kapu kuna viazi na kuku wa kienyeji aliyefungwa miguu, lakini hilo usilionyeshe. Funga tukio kabla kapu halijafunguliwa.

Ukitaka kuonekana umesoma, unaweza kuwaambia waigizaji wako habari ya mama mkwe mwingine. Mwamerika L. Frank Baum, aliyeandika kitabu cha mchawi wa Oz mwaka 1900, alikuwa na mama mkwe aitwaye Matilda Joslyn Gage, mpigania kura ya wanawake. Mwaka 1893 mama huyu alichapisha kitabu akidai kwamba wale waliochomwa moto Ulaya kwa uchawi walikuwa, wengi wao, wanawake wenye ujuzi ambao kanisa na dola viliwaogopa. Alikuwa akikaa kwa mkwewe miezi ya baridi, na ndiye aliyemhimiza aziandike zile hadithi alizokuwa akiwasimulia watoto. Kitabu kikatoka na wachawi wa kike walio wema, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Pima mwenyewe: mama mkwe kakaa nyumbani kwa mkwe miezi kadhaa, kazungumza siasa mezani, na kilichotokea ni kitabu cha watoto. Bongo Movie kwa kisa hichohicho ingetoa majeneza mawili.

Na kitabu kilipofanywa filamu mwaka 1939, mchawi mbaya aliigizwa na Margaret Hamilton, aliyekuwa mwalimu wa chekechea kabla ya kuwa mwigizaji, na wakati huo alikuwa analea mtoto wake wa kiume peke yake. Moto wa tukio moja ulimuunguza uso na mkono akalazwa. Watoto wa dunia nzima walimwogopa mwalimu wa chekechea, mama wa mtoto mmoja wa kiume. Umeona? Kanuni ya hesabu inafanya kazi hata California.

Usije ukadhani uchawi wa mama kwenye filamu huandikwa na wanaume peke yao. Mwaka 1999 kule Nigeria ilitoka End of the Wicked, filamu ya kanisa la Helen Ukpabio, mwanamke na mhubiri, ambamo bibi wa nyumba ndiye anayemaliza ukoo wa mwanawe mwenyewe na watoto wadogo wanaingizwa kwenye chama cha usiku. Filamu hiyo imelaumiwa kwa kuchochea watoto wa kweli kutuhumiwa na kufukuzwa majumbani katika jimbo la Akwa Ibom. Kanda za Nollywood za kipindi kile zilifika mpaka huku, Karishika ikiwa mojawapo, na vijana wa Dar wakajifunza. Mmoja wao, Mussa Banzi, akaja na filamu ya Nsyuka, kisha mwaka 2005 na Shumileta, jini wa kike anayempenda mwanamume wa duniani. Baada ya hapo mlango ulikuwa wazi na kila mtu aliyekuwa na kamera na shangazi aliingia.

Labda wewe hutaki soko la vibanda tu. Unataka tamasha la ZIFF kule Zanzibar, unataka wafadhili, unataka kwenye fomu kile kisanduku kinachouliza filamu yako "inazingatiaje jinsia" ukijaze bila kutokwa jasho. Vizuri. Utahitaji kuongeza ufeministi, na ufeministi una namna yake ya kuongezwa; ukizidisha, sinema nzima inakuwa semina.

Mfano unaofuatwa zaidi ni Maleficent ya mwaka 2014, ambamo Angelina Jolie ni yule mchawi wa hadithi ya binti aliyelala. Niliwahi kuitazama kwenye kibanda umiza kimoja hapa mjini, mabenchi ya mbao, feni moja, na spika zilizofanya bati lilie. Filamu ilikuwa imetafsiriwa kwa sauti, na mtafsiri alikuwa mtu wa kazi. Kijana wa kiume alipompa yule dada kinywaji, akalala, akaamka hana mbawa, mtafsiri aliachana kabisa na maneno ya filamu. "Kina dada mliopo humu," akasema, "kinywaji hukufungua mwenyewe, usinywe. Haya, tuendelee, ona analia." Mama aliyekuwa akiuza karanga mlangoni, mwenye beseni mapajani, alikuwa hajageuka tangu filamu ianze. Hapo akageuka. Akatazama kidogo, akasema kwa sauti ya kutosha watu wote: "Huyo mchawi wapi? Huyo kadhulumiwa shamba." Kisha akarudi kwenye karanga zake. Mbele kidogo, mwana wa mfalme alipombusu binti na binti asiamke, kijana mmoja alidai arudishiwe hela yake. Binti aliamka alipobusiwa kwenye paji la uso na yule mchawi, ambaye kwa miaka kumi na sita alikuwa amemlea kwa kujificha huku akijifanya anamchukia.

Ni filamu nzuri, sitaki kuivunjia heshima. Lakini wewe unayejifunza kazi angalia fundi alivyokata kitambaa. Yule dada kakatwa mbawa akiwa usingizini: hilo halikutosha kumtoa kwenye kundi la wabaya. Kanyang'anywa haki na rafiki aliyemwamini ili huyo rafiki apate ufalme: bado. Katawala msitu wake vizuri tu bila mfalme: ndiyo kwanza anazidi kutisha, kajivika na nyeusi. Kalea mtoto wa adui yake, kamfunika shuka, kampenda: haya, sasa ni binadamu, mrudishieni mbawa. Kwa hiyo Hollywood nayo ina daftari la hesabu kama letu, tofauti ni kwamba wao wanaruhusu mtu kujaziwa mtoto mwishoni ili hesabu ikubali. Kwenye fomu ya wafadhili andika: "Mhusika mkuu anapata safari ya uponyaji kupitia malezi." Kisanduku kimejaa. Kwenye filamu yenyewe mpe mchawi wako mtoto yatima dakika ya sabini.

Njia ya Wicked ya mwaka 2024, ambamo Cynthia Erivo kapakwa rangi ya kijani na uovu wake wote ni kuwa mwanafunzi mwenye hoja anayekataa kutumiwa na mkubwa wa nchi, sikushauri. Kwanza rangi ya kijani hapa mjini inaeleweka vibaya, hasa mwaka wa uchaguzi. Pili, huyo hana mtoto na filamu haimdai. Watu watatoka bila kujua wamhukumu kwa lipi.

Kuna pia Rungano Nyoni, Mzambia aliyekulia Wales, aliyetuzwa na BAFTA mwaka 2018 kwa I Am Not a Witch. Mle ndani mchawi ni mtoto wa kike asiye na mama, anafungwa utepe mrefu mweupe pamoja na mabibi, wanaambiwa wakiukata watageuka mbuzi, na watalii wanakuja kuwapiga picha. Ni kejeli kali kiasi kwamba nikiizungumza zaidi mwongozo huu utaonekana umetulia. Itafute.

Macho mekundu. Duka litakuuzia lenzi za rangi, usinunue. Chukua mwanamke aliyepikia kuni mbichi kwa miaka arobaini kwenye jiko lisilo na dirisha, atakuja na macho yake. Huko Usukumani, ambako kuni ziliisha na watu wakapikia samadi ya ng'ombe, macho hayohayo yamewaua mabibi kwa mapanga. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliliandika jambo hilo kwa kirefu tangu miaka ya 1990, na akaonyesha pia mashamba na mifugo iliyokuwa nyuma ya tuhuma nyingi. Mwanamke kapika chakula cha familia mpaka macho yakaharibika, kisha familia ikayatumia macho kama ushahidi. Filamu haikulianzisha hilo. Ila kila mara kamera inaposogea taratibu kwenye jicho jekundu na muziki ukapanda, kuna kijana kwenye benchi anayejifunza jinsi ya kutambua. Ukishindwa kuacha tukio la macho, basi walau tangulia kuonyesha jiko.

Na wakati huo uwe unajua kwamba sheria ya uchawi ya nchi hii, ya tangu mwaka 1928, inamshika anayejidai mchawi na inamshika vilevile anayemwita mwenzake mchawi. Mwigizaji wako ana haki zaidi ya unavyomdhania.

Tukiwa kwa mwigizaji: bibi wa kuazima ana masharti. Atakuuliza filamu itaonyeshwa wapi, na ukijibu "kila mahali" atakataa, kwa sababu kila mahali ni pamoja na kanisani kwake. Atataka ungo wake usitobolewe kwa sababu ni wa kupepetea mchele na si wa kurukia. Atakataa kucheka kile kicheko, atasema, "Mjukuu wangu, mimi nikicheka hivyo jumuiya itakuja kuniombea." Mlipe kabla ya kuanza, mpe chai yenye maziwa, na mrudishe nyumbani mchana, watu wakimwona akirudi. Ukimrudisha usiku kwa pikipiki, akiwa bado amepakwa unga usoni, filamu yako itaendelea mtaani bila wewe, na huko haina uhariri.

Upande wa wema, atakayemshinda mchawi lazima awe mwanamume: mchungaji wa suti nyeupe au mganga wa shuka nyekundu, kutegemea kikundi gani kimechangia mafuta ya jenereta. Kuna kisa kimoja kinachoharibu kanuni hii, na nakutajia ili ukiepuke. Huko Ihowanja, Ulanga, alikuwapo Bibi Kalembwana, mwanamke aliyenyoa wachawi. Watu walisafiri kutoka pande zote za kusini kumwendea, na mtafiti Mwingereza Maia Green akaandika juu ya kazi hiyo ya kunyoa. Aliyetuhumiwa alikwenda, mara nyingi na aliyemtuhumu akiwa naye, wakanyolewa, wakapewa dawa na miiko yake, wakarudi kijijini na upara wao, na mambo yakapoa. Hakuna aliyekatwa panga. Mwanamke mzee mwenye dawa ndiye aliyezima ugomvi wa uchawi. Kwa mwandishi wa filamu huu ni msiba: bibi kaingia, wembe kashika, dakika ya kumi na mbili watu wameshapatana, na bado una dakika themanini za kujaza.

Mandhari sitayasemea sana, unayo. Milima ya Matogoro inatoa ukungu asubuhi na ndiko Mto Ruvuma unakoanzia, kwa hiyo ukitaka mchawi aoge kwenye chanzo cha mto utapata mto wenye jina. Pango la Chandamali lina giza la kutosha. Ila usiweke lizombe kwenye tukio la uchawi. Ni ngoma ya furaha ya Wangoni na wazee wataikuta filamu yako popote ilipo. Wala usiwaite kina mama wa ngoma ya kioda kutoka Nyasa waje wacheze kama kundi la usiku. Watakuja kwa sare, viatu vyeupe na nidhamu ya gwaride, na mchawi wako ataonekana amepotea njia kwenye sherehe ya watu.

Sasa kuna jambo ambalo nililiweka pembeni kwa sababu likianza halina mwisho. Huenda ukatembea kutafuta eneo la kurekodia ukajikuta Mahenge, hapahapa mjini, kwenye Makumbusho ya Majimaji. Utaona kaburi la pamoja la mashujaa wa vita vya Majimaji, na kaburi la peke yake la Nduna Songea Mbano, ambaye ukoo wake bado unakidai kichwa chake Ujerumani. Wajerumani waliwanyonga mashujaa hawa mwaka 1906, na kila Februari 27 mji unawakumbuka. Kati ya walionyongwa alikuwemo mwanamke mmoja tu, Mkomanile, mtawala wa Kitanda, upande ambao leo ni wilaya ya Namtumbo. Mwaka 1905 mjumbe wa yale maji ya Kinjikitile, Kinjala, alipofika kutoka mashariki, alipokelewa Kitanda kwa mama huyu, na kutoka kwake habari ya maji ikaingia Ungoni.

Fikiria umepewa nini hapo. Mwanamke mwenye watu, mwenye neno linalosikilizwa na machifu, na mwenye dawa inayosemekana kugeuza risasi kuwa maji. Umekuwa ukiwaza namna ya kurusha ungo kwa uzi wa kuvulia samaki, na huku athari maalumu ya kutisha kuliko zote imelala kilomita chache kutoka dukani unakonunua betri. Bunduki za Wajerumani zinanyanyuliwa. Kwenye filamu ya ndoto, kwa nusu dakika, risasi zinageuka matone. Baada ya hapo matone yanarudi kuwa risasi, na njaa inafuata, kwa sababu Wajerumani walichoma ghala na mashamba mpaka nchi ikaisha. Filamu za Marekani zinatafuta miaka nenda rudi mchawi wa kike ambaye hatima yake haiamuliwi na mtoto. Songea alinyongwa mmoja hadharani, na kosa aliloshtakiwa lilikuwa vita.

Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja mpaka hapo makumbusho Novemba 1, 2023, akakutana na wajukuu na vitukuu, akaomba radhi. Ametoka Berlin. Mtayarishaji wa Dar es Salaam, ambaye barabara yake ni ya lami mwanzo mwisho, bado anasema Songea ni mbali.

Mpigie tu. Maelezo yako yawe mafupi kwa sababu salio ni lako. Atauliza kama huyu Mkomanile alikuwa mchawi. Mwambie inategemea unamuuliza nani, Mjerumani au mtu wa Kitanda. Atauliza mume wake ni nani, ili aanze kutafuta mwigizaji mwenye jina. Mwambie mume si mhusika. Atauliza kama kulikuwa na mapenzi kati yake na huyo mjumbe wa maji, kwa sababu bango la filamu linahitaji watu wawili waliokaribiana. Mwambie bango litakuwa na mwanamke mmoja na kibuyu. Hapo ataguna. Kisha ataliuliza lile ambalo nimekuwa nikikuandalia tangu ukurasa wa kwanza wa daftari lako: alikuwa na watoto wangapi?

Mwambie Wajerumani hawakumnyonga kwa hilo.

Atanyamaza kidogo, halafu atasema wazo ni zuri, kweli ni zuri, historia ni muhimu kwa vijana, ila pale kijijini tumwongezee mama mkwe.